Darasa la Nukta Nundu
Ubao haumsaidii mwanafunzi asiyeona, na kumwambia “tazama hapa” hakumfikishii kitu. Ndiyo maana mwalimu katika Shule ya Wasioona Thika nchini Kenya, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, au ile ya Buigiri mkoani Dodoma, Tanzania, hulazimika kutamka kila anachoandika na kumpa mtoto kitu chenyewe akipapase.

Kazi kubwa ni nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole. Herufi zote hutokana na nukta 6 tu, zilizopangwa safu mbili. Anayetumia kibao na kalamu ya chuma huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nukta huinuka upande wa pili wa karatasi. Akiigeuza, husoma kutoka kushoto. Mtoto anayeanza huchanganyikiwa, na hapo ndipo subira ya mwalimu hupimwa kweli.

Wengine darasani wanaona kidogo. Wanafunzi wengi wenye ualbino wana uoni hafifu: wanahitaji maandishi makubwa, kiti cha mbele na mwanga usiowapiga usoni. Kuwafungia katika nukta nundu peke yake ni kuwanyima macho waliyonayo.

Masomo yakiisha, kazi huhamia nje: kutembea kwa fimbo nyeupe, kufua, kutambua sarafu kwa vidole.