Adui Asiyesikika Angani

Askari wa lindo humtambua adui kwa macho na masikio. Mionzi ya angani haina sauti wala harufu. Madhara yake, kama vile saratani, huweza kudhihirika baada ya miaka mingi. Ndiyo sababu mwanaanga hupewa kipima mionzi cha kubeba mwilini, mfano wa kile wavaacho wapiga picha za eksirei hospitalini.

Kituo cha Kimataifa cha Anga hupita mara kwa mara juu ya Mbarara na Base Camp ya Nakivale, kwa kimo cha kilomita 400 hivi. Humo mtu hupata nusu milisiverti au zaidi kwa siku. Sisi wa ardhini, kwa wastani, 2.4 kwa mwaka. Siku tano za huko, basi, ni mwaka wetu mzima!

Mwaka 1980 Bertalan Farkas wa Hungaria alitumia kipimo kiitwacho Pille katika chombo cha Salyut 6. Madini yaliyomo huhifadhi nguvu ya mionzi. Yakipashwa moto hutoa mwanga, na wingi wa mwanga ndiyo hesabu. Pille ilisomwa huko huko angani, pasipo kungoja maabara ya duniani.

Marekani imeweka kikomo cha milisiverti 600 kwa utumishi wote wa mwanaanga, awe mwanamume au mwanamke, kijana au mzee.