Daftari la Alama

Swali ambalo mwalimu wa sanaa hapa Kitete, Tabora, huletewa na wazazi, na walimu wa masomo mengine, na wanafunzi wenyewe tangu kidato cha kwanza hata cha nne, ni moja tu, nalo halibadiliki ila kwa kitu kinachoelekezewa kidole: "Hii maana yake nini?" Mara ni rangi, mara ni samaki aliyechongwa katika mwimo wa mlango, mara ni mnyororo, na aulizaye aghalabu hutaka jibu la neno moja, aliandike, alihifadhi, alitoe siku ya mtihani, kisha alisahau. Swali hilo nimelijibu kwa upole muda mrefu kuliko linavyostahili. Leo nasema bila kuficha kwamba, likitangulia kabla ya kutazama, huwapofusha vijana wenye macho mazima.

Chanzo cha balaa hii ni daftari la alama. Hurithiwa darasa hadi darasa, likinakiliwa kwa bidii ambayo ingalifaa kazi bora zaidi, na ndani yake mna orodha: nyekundu ni damu na hatari, nyeusi ni msiba, nyeupe ni amani, kijani ni uhai, duara ni umoja, samaki ni uzazi, mnyororo ni utumwa. Kijana mwenye orodha hii hahitaji picha. Mwonyeshe mchoro wowote wenye doa jekundu, naye ataandika "hatari" pasipo kuona kama doa hilo ni kubwa au dogo, kama limewekwa kati au pembeni, kama linawaka au limefifia. Na nimesoma majibu ya wanafunzi walioandika habari za samaki katika nakshi isiyokuwa na samaki hata mmoja.

Tuanze na nyeusi, iambiwayo kuwa ni msiba. Kila asubuhi mwanafunzi yule yule husimama mbele ya bendera ya Taifa, iliyopokewa mwaka 1964 baada ya Muungano, na katika bendera hiyo nyeusi ni sisi watu wenyewe. Tena hapa petu, katika nchi ya Unyanyembe, ilipita kaniki, nguo ya rangi ya giza iliyochukuliwa na wapagazi kutoka pwani pamoja na merikani, ikawa ni bei ya pembe na ijara ya safari, wala hakuna aliyeikataa kwa kuidhania kuwa ni matanga. Nyekundu nayo: misafara ya Waarabu iliyoingia Tabora ilitanguliwa na bendera nyekundu tupu ya Sultani wa Unguja, na kazi ya wekundu ule ilikuwa kumjulisha aionaye kwamba wenye msafara ni raia wa nani. Basi rangi hupata maana kwa mapatano ya watu fulani, mahali fulani, zamani fulani. Mapatano hayo hujifunzwa katika tarikhi, wala hayabandikwi juu ya kila picha duniani.

Na ndani ya picha rangi hutenda kazi nyingine kabisa, ambayo haikuandikwa katika daftari lolote, nayo ni kuathiriana na jirani zake. Nyekundu ikiwekwa kando ya kijani huwaka. Nyekundu ile ile, kutoka kopo lile lile, ikiwekwa kando ya rangi ya chungwa hutulia. Josef Albers, mwalimu mzaliwa wa Ujerumani aliyefundisha Marekani, alitoa kitabu kizima mwaka 1963 kuthibitisha kwamba rangi moja yaweza kuonekana kuwa mbili kwa kubadilishiwa majirani tu. Jambo hili kijana wa miaka 14 aweza kulihakikisha mwenyewe kwa vipande vitatu vya karatasi, ilhali "nyekundu ni hatari" hawezi kulihakikisha kwa chochote.

Nije kwenye milango, maana hapa ndipo uzushi ulipojenga nyumba. Wanafunzi hupelekwa Kwihara, nje kidogo ya mji, kulitazama tembe lililojengwa upya mahali alipokaa msafiri Livingstone mwaka 1872, naye msafiri mwenziwe Stanley akakaa hapo hadi mwezi Machi alipomuaga kurudi pwani. Husimamishwa mbele ya mlango wa nakshi, na kabla hawajapata wasaa wa kuutazama, mtu amekwisha waambia kwamba popote uonapo mnyororo umechongwa, mwenye nyumba alikuwa akiuza watu. Utumwa ulipita Tabora, na haifai hata kidogo kusahauliwa. Lakini ithibati yake imo katika hati, na katika simulizi za wazee, na katika tarikhi ya misafara yenyewe, wala si katika kila pindo lililochongwa pwani na bara. Hata wanaotembeza wageni katika Mji Mkongwe wa Unguja, mmoja husema mnyororo ni utumwa na mwenziwe husema ni ulinzi wa nyumba, nao wameelekeza kidole kwenye mlango mmoja. Alama yenye maana mbili zinazopingana hivyo haiwezi kuwa burhani ya chochote. Kadhalika hutajwa misumari mikubwa ya shaba kuwa ni kinga ya tembo; mtindo wake ulitoka Bara Hindi, na Unguja tembo wa kusukuma milango hakuwako; ni pambo, tena pambo zuri.

Sasa utazame mnyororo huo kama mchongaji alivyoutazama. Ni umbo moja dogo, limekaririwa kwa nafasi sawa, likalizungusha jicho kuanzia chini ya mwimo, likapanda hadi kizingiti cha juu, likashuka upande wa pili, likaufunga mlango wote ndani ya mpaka mmoja. Kina chake ni kifupi, hivi kwamba jua la pembeni hulijaza kivuli na jua la mbele hulifuta. Katikati umesimama mfaa, nguzo iliyochongwa kwa wingi kupita mahali pengine, ikikata upana wa mlango mara mbili na kuuvuta juu. Hayo yote yaonekana. Na kama juu ya kizingiti pana maandishi ya Kiarabu, hayo si ya kukisiwa: atafutwe ajuaye kusoma, ayasome.

Itikadi nyingine iliyo ndugu ya ile ya mnyororo ni kwamba mng'aro wa rangi za Tingatinga ni furaha ya Mwafrika. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1972, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao za dari. Rangi ile hung'aa kwa kuwa imetengenezwa kung'aa, na haikubali kwa urahisi kuchanganywa taratibu hata giza likawa nuru. Ndiyo sababu wanyama wake wana kingo kali na nyuma yao pametandazwa rangi moja. Akijua hivyo, kijana huanza kuona maamuzi ya fundi.

Pana kazi ya Unyamwezi wenyewe ambayo ningependa kila kijana wa Tabora aitazame, japo kwa picha: viti vya watemi vya karne ya 19, ambavyo kimojawapo kipo katika makumbusho ya Metropolitan mjini New York, chenye egemeo refu na umbo la binadamu lililochongwa likajitokeza upande wa nyuma. Daftari la alama litasema "mamlaka" na kunyamaza. Mimi nawauliza: mtemi akiketi, nani aliliona umbo hilo? Aliyesimama mbele yake, au aliye nyuma? Na urefu ule wa egemeo, ambao haukuhitajiwa na mgongo wa mtu yeyote, ulifanya nini kwa kimo cha aliyeketi?

Kuhusu la kufanya, halina mashaka. Chukueni kanga mbili za nyumbani. Msamiati wake kila mtoto anao, pindo, mji na jina, na aseme kwa nini pindo la hii ni zito kuliko la ile. Mtoto achore kanga mojawapo kwa mistari mitano tu, atalazimika kuchagua iliyo muhimu. Afunike nusu ya picha kwa kiganja, aseme kimepungua nini. Apige picha kwa simu, aondoe rangi, atazame mwanga na giza vilivyogawanywa. Aonyeshe kidole jicho lake lilipotua kwanza, na lilikwenda wapi baadaye, na mwenzake apinge kwa ushahidi ulio mbele yao. Neno "huenda" likatazwe mpaka mambo kumi yanayoonekana yawe yameandikwa. Baada ya hapo, na si kabla, aulize maana. Naye atakayemjibu amwambie pia amejuaje.