Hamu ya Mkate wa Bibi, na Daftari Lisiloandikwa

Kila nyumba ya pwani ina harufu yake ya alasiri. Kuna nyumba ukipita mlangoni hukupokea iliki iliyotwangwa sasa hivi, na nyingine hunukia tui na sukari, au makaa yaliyopaliwa juu ya kifuniko cha sufuria. Watoto waliolelewa humo hutawanyika wakubwapo: huyu huolewa Malindi, yule hufuata kazi Nairobi, mwingine huvuka bahari kwenda Ghuba. Na popote walipo, siku moja bila kutazamia, hushikwa na hamu. Mkate wa dukani hauiondoi. Wautakao ni ule mmoja, aliouoka bibi kwa mkono wake.

Hamu hiyo ina sababu yake. Wanaochunguza ubongo wa mwanadamu hueleza kwamba njia ya harufu inafungamana kwa karibu mno na sehemu zinazohifadhi kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana harufu ya iliki humrudisha mtu mzima jikoni kwa mamake kabla hajatia tonge kinywani. Mwenye mimba anaijua hamu hii, na mgonjwa apataye nafuu anaijua. Aliyefunga anaijua zaidi, hasa saa ile ya mwisho kabla ya adhana ya Magharibi, anapotamani kila kitu kwa pamoja. Mama mwenye busara huoka kimoja kikatosha, kwani Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, inatukataza israfu katika kula na kunywa.

Lakini hamu ni jambo moja, na kuweza kuituliza ni jambo jingine. Katika nyumba nyingi, anayejua kuuoka mkate huo ni mtu mmoja tu, naye umri umekwenda. Akiondoka, atakuwa amemwachia nani?

Ujuzi uliomo mkononi

Mama zetu hawakupima kwa mizani. Ukiwauliza sukari kiasi gani, watakwambia "kiasi chake". Ukiuliza tui, watasema "tia kidogo kidogo mpaka ukubali". Kijana aliyezoea vipimo huona kama anafichwa siri, kumbe hayo ndiyo majibu ya kweli. Nazi hazilingani: iliyokauka vizuri hutoa tui zito, na koroma hutoa tui la maji. Mchele wa zamani hunywa maji kuliko mpya. Mkono uliozoea huhisi tofauti hiyo na kuirekebisha papo hapo.

Tena kuna majira. Wakati wa kaskazi, joto linapozidi, uji wa mkate huumuka upesi, na ukisahauliwa huchacha. Wakati wa kusi, hasa baridi ya Julai, uji huohuo hukawia, na asiyejua hudhani hamira imeharibika. Ramadhani nayo hurudi nyuma kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, ikauzunguka mwaka mzima katika miaka 33 hivi. Kwa hiyo binti aliyejifunza kuoka futari za kusi atajikuta, miaka ikipita, anaoka za kaskazi. Bibi ameyaona majira yote hayo, na mengine ameyaona mara mbili. Ujuzi kama huo haupatikani kwa kutazama video ya dakika tano.

Tuanze na mkate wa sinia

Mkate wa sinia, ambao wengine huuita mkate wa kumimina, unafaa kuwa wa kwanza kuandikwa, kwa kuwa mambo yake ni machache na kila moja lina maana.

Roweka vikombe 2 vya mchele usiku kucha, kisha uchuje. Usage katika blenda pamoja na kikombe 1 na nusu cha tui zito, kijiko 1 cha chai cha hamira na nusu kijiko cha chai cha iliki, mpaka usihisi chembe ukiupekecha kwa vidole. Tui liwe vuguvugu. Likiwa la moto litaiua hamira. Funika uache uumuke, hadi juu pajae povu. Hapo tia robo tatu ya kikombe cha sukari na ute mweupe wa yai 1, ukoroge taratibu usije ukaitoa hewa yote.

Paka sufuria mafuta, uipashe kwanza, ndipo umimine. Moto wa chini uwe mdogo. Matundu yakitokeza juu na kingo zikishika, palia makaa juu ya kifuniko mpaka uso uwe na rangi ya dhahabu. Mwenye oveni aoke kwa nyuzi 180, kiasi cha dakika 30 hadi 35, akiutazama.

Mchele hauna ule mvutano wa unga wa ngano ambao hushika hewa unapokandwa. Ndiyo maana mkate huu humiminwa, na ndiyo maana uji ukishaumuka haupendi kungojeshwa. Ajuaye sababu hii ataweza kuurekebisha mkate wake hata akiwa mbali na nyumbani, kwa tui la kopo na jiko la kigeni.

Mkate wa mayai nao una siri moja kubwa, nayo ni subira. Hauna hamira wala mafuta. Kinachouinua ni hewa. Mayai na sukari hupigwa mpaka yabadilike kuwa meupe na mazito, ndipo unga huingizwa kwa upole. Anayekatiza kupiga kwa kuwa mkono umechoka hupata mkate uliolala.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mapishi ya nyumba ni mali, na njia ya kuyahifadhi ni nyepesi. Chagua siku mama au bibi ana nafasi na nguvu. Usimwambie apime, kwani ukimkatiza mkono wake utapotea njia. Mwache achote kwa mazoea yake, nawe pokea kila kitu katika bakuli lililo juu ya mizani kabla hakijaingia sufuriani, kisha uandike. Andika uji ulivyokuwa mzito na harufu ilivyobadilika. Andika pia mwezi na hali ya hewa, ili mwakani ujue ulikuwa wakati wa kusi au kaskazi.

Kisha muulize alifundishwa na nani. Hapo ndipo utakaposikia majina ya wanawake wa ukoo wako ambayo hukuwahi kuyasikia, na arusi na Iddi zilizopikiwa mkate huo. Yaandike hayo pia, pembeni mwa vipimo. Wavulana nao wasitolewe jikoni: anayekwenda kusoma au kufanya kazi ugenini ataihitaji karatasi hiyo kama dadake.

Siku ya pili, oka wewe, yeye akae kitini atazame. Usingoje Ramadhani, maana siku hizo jikoni kuna haraka na hakuna wa kukuelekeza kwa utulivu. Jumamosi moja ya kawaida yatosha, kwa mchele uliorowekwa Ijumaa usiku na kalamu iliyo karibu. Mwenyezi Mungu awape mama zetu umri mrefu wenye afya, na awarehemu waliotutangulia wakiwa na mapishi yao mikononi.