Santuri Isiyo na Karatasi

Katika makasha ya nyanya zetu na chini ya vitanda vyao hulala santuri nyeusi, nzito, ambazo karatasi zake za katikati zimebanduka kwa unyevu wa bahari. Nyumba zinapohamwa, huenda jaani. Twawaomba akina mama wasifanye haraka: huenda humo mna sauti ya mwimbaji ambayo haikusalia kwengine.

Santuri ya kale yatambulikana kwa mkono. Imefanywa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ikianguka huvunjika kama kigae, ilhali ya plastiki hupindika. Huzunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa ile ya inchi 10 huchukua dakika 3 hivi. Ndiyo sababu wimbo mrefu wa taarab uligawanywa pande mbili.

Karatasi ikitoka, jina limepotea lakini ushahidi haujapotea. Inamisheni santuri kwenye mwanga wa dirishani, mtazame ule ukanda laini unaoizunguka sehemu ya karatasi. Mtaona tarakimu zilizochorwa au kugongwa. Kila upande una zake, na kampuni ilizitia daftarini siku ya kurekodi. Nambari zinazofuatana aghalabu ni za kikao kimoja. Basi santuri ya jirani iliyobakiwa na karatasi yake yaweza kuitambulisha ya kwenu.

Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa Kiswahili na kampuni ya His Master's Voice. Wenzake wanaume nao waliimba, kwa hiyo msiiweke kando santuri kwa kuwa sauti si ya kike. (Wanazuoni wana kauli zao kuhusu ala, hapa twazungumzia kuhifadhi urithi.)

Msiisafishe kwa spiriti, kwani huuyeyusha ule utomvu. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo chatosha. Wala msiichezeshe ovyo: sindano ya chuma huila kila mara, na ile ya santuri za plastiki ni nyembamba mno kwake. Mwenye mashine ifaayo aicheze mara moja, irekodiwe kwenye simu, kisha bibi asikilizishwe. Akiitambua sauti, andikeni kwa penseli juu ya mfuko jina alilolitaja, nambari za pande zote mbili, na santuri ilikuwa ya nani.