Kujifunza kupanda milima ya Scotland dhorubani

Mlima Cairn Gorm ulioko Scotland una urefu wa mita 1,245, usiofika hata robo ya ule wa Mlima Kenya. Anayeutazama kutoka bondeni huenda akaudharau. Hata hivyo, mnamo Machi 20, 1986, upepo uliovuma kileleni ulipimwa kuwa na kasi ya takriban kilomita 278 kwa saa.

Novemba 1971, wanafunzi watano kutoka Edinburgh na kiongozi wao kijana walifariki kwa baridi katika milima hiyo baada ya kunaswa na dhoruba. Mkasa huo ulizua mjadala mkali kuhusu nani anafaa kuwaongoza vijana huko majira ya baridi.

Miongoni mwa masomo ya awali ni jinsi ya kuanguka. Mwanafunzi hujitupa makusudi kwenye mteremko mfupi ulio salama, kisha hugeuka kifudifudi na kukita ncha ya shoka la barafu thelujini hadi asimame. Hurudia mara nyingi, kwani anayeteleza hana wasaa wa kufikiri. Ukungu na theluji vinapochanganyika, ardhi na mbingu huwa weupe mmoja. Hapo hutegemea dira na kuhesabu hatua zake.

Lililo gumu zaidi, bila shaka, ni kukubali kurudi. Mkufunzi husoma utabiri alfajiri na kuchimba theluji akikagua tabaka zake. Akiona tabaka ya juu haijashikamana na ya chini, huliepusha kundi na mteremko huo, hata kama kilele ki karibu.