Ritifaa Katika Jina la Mgonjwa

Mgonjwa aitwaye Ng'wandu anapofika mapokezi, karani huandika jina lake, hubonyeza kitufe cha kutafuta, na mfumo hujibu kwa ujumbe wa hitilafu. Kwa kuwa foleni ni ndefu, karani huandika "Ngwandu" na kufungua jalada jipya. Tangu hapo mtu mmoja ana majalada mawili, na taarifa ya mzio wake wa penisilini imebaki katika lile ambalo daktari hatalifungua.

Chanzo ni alama moja tu: ritifaa. Katika SQL, lugha itumiwayo na kanzidata nyingi, maandishi hufunguliwa na kufungwa kwa alama hiyo hiyo. Programu inapolichomeka jina ndani ya ombi la kutafuta, kanzidata hupokea jina = 'Ng'wandu'. Huhesabu kuwa jina limekoma kwenye "Ng", na herufi zinazofuata huzichukulia kuwa sehemu ya amri, amri isiyoeleweka. Waairishi wenye majina kama O'Brien wanaifahamu adha hii. Kwetu, ambako ng' ni sauti kamili, kuanzia Chang'ombe hadi Ng'ambo, haiwezi kuitwa tukio la nadra.

Udhaifu huo huo ndio mlango wa mhalifu. Akiandika ritifaa na kuifuatisha na maneno ya SQL aliyoyapanga kwa makusudi, kanzidata yaweza kuyatii, hata ikafichua au kufuta kumbukumbu za wagonjwa wote.

Wapo wanaoshauri ritifaa ipigwe marufuku. Ushauri huo haufai, kwani humlazimisha mgonjwa abadili jina ili programu mbovu ipone. Kuiandika mara mbili, Ng''wandu, ni kanuni halali ya SQL, ila humtaka mtunzi wa programu asisahau hata mara moja. Njia salama ni ombi lenye vigezo: amri hutangulia ikiwa na nafasi wazi, jina hupelekwa kando, na kanzidata hulipokea kama data tu, kamwe si amri.

Husalia tatizo moja. Baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda (’) badala ya iliyonyooka ('). Kwa jicho ni alama moja. Kwa kompyuta ni mbili. Yafaa zigeuzwe kuwa moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. Hospitali inayopokea mfumo mpya imsajili kwanza Ng'wandu kwa kompyuta ya mapokezi, kisha imtafute kwa simu ya wodini.