Mgeni wa Siku Tatu Moshi

Watu wa vijijini hufika mjini Moshi kwa haja nyingi. Mmoja huja kumtazama mgonjwa katika hospitali ya K.C.M.C., iliyofunguliwa mwaka 1971. Mwingine huja kwa arusi ya ndugu, au kwa shauri la shamba, au kwa mkutano wa chama cha ushirika. Wengi hufikia kwa jamaa zao katika mitaa ya pembeni, kama vile Shirimatunda, kata iliyo upande wa magharibi wa mji. Haja yenyewe aghalabu humalizika kwa saa chache, na saa zinazosalia hazina kazi. Hapo ndipo taabu huanza. Mgeni huzungukazunguka madukani bila kununua, au hukaa kilabuni tangu mchana, au hulala mpaka jua limekuwa kali. Kisha hurudi kwake akisema kwamba Moshi ni joto na vumbi tu. Kumbe mlima mrefu kupita yote ya Afrika ulikuwa mgongoni pake siku zote tatu, asiuone.

Mapumziko si uvivu, wala matembezi si mali ya wageni wa ng'ambo peke yao. Lakini mtu apumzikaye bila shauri huchoka kuliko aliyefanya kazi, na fedha zake huisha asijue zimekwenda wapi. Yapasa mapumziko yapangwe kama safari nyingine yoyote, yaani kwa saa, kwa njia na kwa fedha. Katika habari hii nataka kueleza namna ya kufanya hivyo kwa mgeni wa siku tatu.

Jambo la kwanza ni kuhesabu saa, wala si siku. Mtu husema, "Nina siku tatu," lakini siku ya kwanza amefika alasiri naye amechoka, na siku ya tatu hana budi kuondoka mapema. Kwa hakika ana siku moja nzima na vipande viwili. Siku nzima yatosha safari moja ya mbali. Kipande chatosha matembezi ya karibu. Atakaye kuona Marangu, Materuni na chemchemi za Kikuletwa kwa siku moja ataipitisha siku hiyo garini, na jioni hatakumbuka ila vumbi la barabara. Wahenga walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka.

Jambo la pili ni kuchagua upande mmoja. Mji wa Moshi umekaa chini ya mlima, wala si juu yake. Zamani jina la Moshi lilikuwa la huko mlimani, mahali paitwapo sasa Old Moshi, yaani Moshi ya Kale, ambapo Wadachi walijenga boma lao. Reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 ilisimama kwenye tambarare, na mji mpya ukakua penye stesheni. Kwa sababu hiyo njia za kwenda mlimani hupanda kutoka mjini kama vidole vya mkono uliokunjuliwa: moja yaenda Kibosho, moja Uru, moja Old Moshi. Barabara kuu nayo hupita chini, upande wa magharibi ikielekea njia panda ya Machame na Boma Ng'ombe, upande wa mashariki ikielekea Himo na Marangu. Kati ya kidole na kidole mna makorongo marefu yaliyochimbwa na mito, hata mtu aliyeko Uru akitaka kwenda Marangu kwa kawaida hana budi kushuka tena mpaka chini. Tena alalaye Shirimatunda amekwisha kuwa magharibi. Machame na Boma Ng'ombe zi karibu naye, lakini kwenda Marangu lazima auvuke mji wote kwanza. Hayo yafikiriwe usiku kabla ya kulala, si asubuhi stendi, huku wapiga debe wakikuvuta huku na huku.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa, ni kuzifuata saa za mlima. Usiku hewa ya juu hupoa, na hewa iliyopoa ni nzito, hushuka mabondeni. Ndiyo sababu alfajiri mlima aghalabu huwa wazi. Jua likichomoza huipasha moto miteremko. Hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, huwa nyepesi, nayo hupanda ikichukua unyevu wa mashamba na wa msitu. Ikifika juu penye baridi, unyevu ule hugeuka kuwa wingu. Basi saa nne au saa tano ya asubuhi Kibo imekwisha kujifunika, na mara nyingi haijifunui tena mpaka jua likaribie kuchwa. Mgeni alalaye mpaka saa tatu, kisha akanywa chai polepole, asilaumu mawingu. Na asimame mahali palipo wazi hapo hapo Shirimatunda saa 12 na nusu asubuhi, aelekee kaskazini. Mbingu ikiwa safi ataiona Kibo yenye urefu wa mita 5,895, na kulia kwake Mawenzi yenye mita 5,149, wala hatadaiwa hata senti moja.

Majira pia yatazamwe. Mvua ya masika hunyesha kuanzia mwezi wa Machi mpaka Mei, na njia za mlimani huteleza sana. Vuli huja mwishoni mwa mwaka. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya baridi, na mawingu huweza kukaa mchana kutwa. Januari na Februari kuna joto mjini, lakini mlima huonekana vizuri.

Sasa nitataja mahali penyewe. Kwa kipande cha siku, Old Moshi yafaa sana. Huko ndiko Mangi Meli alikonyongwa na Wadachi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na viongozi wengine, na mahali hapo pana ukumbusho wake. Inasemekana kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na jamaa zake wamekuwa wakikitafuta kwa miaka mingi. Njiani mgeni atapita katikati ya vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yaliyo kando ya nyumba, na ataona mifereji ya maji ambayo Wachagga waliichimba tangu zamani kwa kufuata mteremko, bila chombo cha kupimia. Mtu asiyeweza kupanda vilima na aende msitu wa Rau, ambao u karibu na mji na ardhi yake ni tambarare. Mna chemchemi, miti mikubwa ya mvule na mbega weusi wenye mikia myeupe.

Kwa siku nzima, hapa pana safari mbili, naye achague moja. Ya kwanza ni Materuni katika Uru, umbali wa kilomita 15 hivi kutoka mjini. Toka kijijini mtu hutembea kwa miguu kama saa moja mpaka maporomoko ya maji, ambayo huanguka kutoka juu zaidi ya mita 70. Maji yake yatoka mlimani na ni ya baridi kali, basi mtu mwenye jasho asijitupe ndani mara moja. Wanakijiji huwaonyesha wageni kazi ya kahawa tangu kukoboa, kukaanga na kutwanga kinuni, hata kikombe kinaponywewa.

Safari ya pili ni Marangu, umbali wa kilomita 40 hivi mpaka lango la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyotangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa mwaka 1977. Mtu mwenye nguvu huweza kupanda msituni mpaka kituo cha Mandara na kurudi siku ile ile. Kituo hicho chaitwa kwa jina la Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kama Mandara, aliyefariki mwaka 1891. Kupanda ni kilomita 8, mwendo wa saa tatu hivi, na kushuka ni kwepesi zaidi. Humo huingia mtu kwa ada na kwa kufuatana na kiongozi mwenye ruhusa. Ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje, basi achukue kitambulisho chake. Achukue pia sweta. Kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua kama digrii 6. Na kwa kuwa Mandara ni juu kuliko mji kwa mita 1,800 hivi, kukiwa na digrii 30 Moshi, huko huwa kama 19, na mvua ikinyesha hupungua zaidi.

Lakini kufika kileleni si matembezi ya mgeni wa siku tatu. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika tarehe 6 Oktoba 1889 walikuwa wamejitayarisha sana, na hata leo njia ya Marangu huchukua siku 5 au 6, maana mwili hutaka muda kuizoea hewa nyembamba. Atakayekuambia kwamba atakufikisha na kukurudisha kwa siku mbili anacheza na maisha yako.

Tena ziko chemchemi za Kikuletwa, kusini ya Boma Ng'ombe, ambazo watu huziita Chemka. Maji hayachemki, yana uvuguvugu tu, nayo ni maangavu kama kioo. Kwa mtu wa Shirimatunda ni safari nyepesi, kwa kuwa barabara ya magharibi i upande wake. Lakini uangavu ule ndio hatari. Nuru itokayo majini hupinda inapofika hewani, na jicho hudanganyika: kina cha mita 4 huonekana kama mita 3. Mtoto akiona mawe ya chini hudhani atasimama, kumbe hafiki. Asiyejua kuogelea asiingie penye kina, na mzazi asiwaachie watoto walinde watoto.

Kuhusu fedha, andika katika karatasi kabla ya kutoka: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, ada ya mahali, malipo ya kiongozi, chakula, na akiba kidogo ya jambo lisilotazamiwa. Nauli ya kurudi itiwe mfuko wake peke yake, isiguswe. Bei ya bodaboda au ya gari la kukodi mpatane kabla ya kupanda, tena semeni wazi kama ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi. Chakula na maji ya kunywa vitoke nyumbani. Ndizi za kuchemsha na mayai hazihitaji hoteli. Na saa ya kugeuka nyuma iwekwe mapema. Jua huchwa kati ya saa 12 na saa 1 ya usiku mwaka mzima, na kijijini magari hupungua kabla ya hapo. Basi saa 9 ya alasiri ikikukuta mbali, geuka, hata kama hujafika.

Kwa mfano, mgeni afikaye Ijumaa alasiri na apumzike, aoge, ajulishane na wenyeji wake, na jioni atazame mlima ukijifunua. Jumamosi aondoke saa 12 asubuhi kwenda Materuni au Marangu, arudi kabla ya giza. Jumapili aende ibadani. Akiondoka mchana, asubuhi ile yatosha kutembea kidogo na wenyeji wake. Mwenye mgonjwa hospitali na aulize saa za kutazama wagonjwa kwanza, kisha apange Rau au Old Moshi katikati yake. Wala asisahau wenyeji. Mithali yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi asubuhi, kabla ya kutoka, achote maji au afagie uani, na akitoka amwambie mwenye nyumba aendako na saa atakayorudi.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo lawahusu zaidi wazazi na walimu. Kila mwezi wa Desemba familia nyingi za Kichagga hurudi kutoka Dar es Salaam na miji mingine kwa siku chache. Watu wazima huzimaliza siku hizo katika karamu na vikao, na watoto hubaki uani wakingoja kurudi mjini. Mtoto wa namna hiyo hukua akijua jina la ukoo wake, asijue mfereji ulionywesha kihamba cha babu yake. Na barafu ya Kibo haingoji. Waliopima wameona kwamba kati ya mwaka 1912 na mwaka 2011 zaidi ya sehemu nane katika kumi za barafu hiyo zilipotea, na iliyosalia yazidi kupungua. Alichoona babu kila asubuhi, huenda mjukuu asikione kamwe.

Kwa hiyo, ninyi walimu, wekeni asubuhi moja ya matembezi katika likizo. Nanyi wenyeviti wa vijiji, waonyesheni wageni njia iliyo salama na bei iliyo ya haki. Na wewe mzazi uliyefikia Shirimatunda kwa siku tatu, kesho mwamshe mtoto saa 12, mtoke nje pamoja, mtazame kaskazini kabla wingu halijapanda.